Gari ya zamani na moshi yake: namna gani ipite kontroli tekniki

Kutoka Tchomia mpaka Bunia ni kama kilomita 60. Gari inaanza pembeni ya Ziwa Albert, inapita Kasenyi, inapanda mulima mpaka Bogoro, kisha inaingia Bunia. Ziwa liko kwenye mita 600 na kitu juu ya bahari, Bunia inapita mita 1.200. Mutu mwenye anasimama chini ya mupando anaweza kuhesabu magari bila kuyaona: anaangalia moshi. Hiace ya samaki, Fuso ya mizigo, Land Cruiser ya zamani, kila moja inaacha musitari wake nyeusi kwenye majani. Mama mwenye anapanda kwa miguu na beseni ya makayabo kwenye kichwa anafunga pua na kitenge, anangojea moshi ipite, anaendelea.

Watu wa kwetu wamezoea kusema hiyo ni kawaida. Gari imezeeka, itafanya nini? Shofere mumoja wa Tchomia aliniambia: «Papa, gari yenye haitoe moshi haina nguvu.» Mafundi wengi wanaamini vile vile. Mimi ninasema si kweli. Gari ya miaka 20 ao 25 inaweza kupita kipimo cha moshi, kile cha mashini, si kile cha karatasi tu. Na kama inashindwa, mara nyingi haishindwe juu ya uzee. Inashindwa juu ya mambo ine ao tano yenye watu waliifanyia kwenye garaje.

Kwanza, kwa nini tuzungumuzie jambo hili sasa? Kwa sababu majirani wameanza. Katika Rwanda, tangu mwezi wa 8 wa mwaka wa 2025, ofisi yao ya mazingira, REMA, ilianzisha kipimo cha moshi pamoja na kontroli tekniki. Uganda ilijaribu kitu mbele yao: kampuni SGS ilipewa kazi ya kukagua magari, lakini wenye magari walilalamika sana juu ya bei, na katika mwaka wa 2017 bunge lao liliomba kazi hiyo isimamishwe. Kenya inakataa kuingiza gari yenye imepita miaka 8. Uganda, tangu mwaka wa 2018, inakataa yenye imepita miaka 15. Na sisi, tangu mwaka wa 2022, tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na hao wote. Kinshasa pia ilitoa dekreti katika mwezi wa 10 wa mwaka wa 2012 ya kukataza magari ya kupita miaka 10. Lakini dekreti haiondoe gari yenye ilikwisha kuingia. Carina yenye ilishuka Mombasa mbele ya hapo ingali inapanda Bogoro leo.

Angalia magari ya Ituri: karibu yote iko na volanti kuume, hata kama katika Congo tunapita upande wa kuume wa barabara. Ni kwa sababu yanatoka Japani, yanapitia Mombasa na Kampala. Programu ya Umoja wa Mataifa ya mazingira ilitoa ripoti katika mwezi wa 10 wa mwaka wa 2020: kati ya 2015 na 2018, Ulaya, Japani na Marekani walituma inje milioni 14 ya magari madogo yenye ilikwisha kutumiwa, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi waliangalia magari yenye yalikuwa yanatoka kwao kwenda Afrika: mengi yalikuwa na miaka kati ya 16 na 20, na mengi hayakuwa tena na kontroli tekniki yenye nguvu. Ni kusema gari yenye haikuweza kupita kipimo kule ndiyo ilitumwa kwetu, na sisi tunashangaa juu ya moshi.

Upande wa sheria, Kodi ya barabara yetu ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30, mwezi wa 8, 1978. Iko na miaka mingi kuliko mashofere wengi. Kwenye barieri wanakuomba karti roz, asiransi, vinyeti na karatasi ya kontroli tekniki. Nimepanda magari mingi kwenye ile njia, na nimeuliza mashofere: hakuna hata mumoja aliyeniambia ya kama wakati alipata karatasi, mutu aliingiza kitu kwenye tuyo ya moshi ili kupima. Wanaangalia taa, frenu, labda matairi. Moshi wanaiangalia na macho. Na macho ya mutu mwenye anataka kukufungia gari yanaona moshi hata kwenye gari yenye imezimwa.

Kwa hiyo mashofere wanaogopa. Wanasikia «kipimo cha moshi» na wanafikiri: amande nyingine. Ninawaelewa. Lakini mashini iko na uzuri mumoja: inatoa namba. Na namba unaweza kuijua mbele, unaweza kuitayarishia gari, unaweza kubishana nayo.

Mashini ya mazutu inaitwa opasimetri. Wanaingiza sonda kwenye tuyo, na ndani ya mashini kuko mwangaza unaopita katikati ya moshi. Kama moshi ni mingi, mwangaza unapita kidogo. Fundi anakanyaga akseleratere mara moja, kwa haraka, mpaka mwisho, moteri inapanda mpaka pale pompe yenyewe inaikataza, kisha anaachilia. Anarudilia mara kadhaa. Ufaransa, kama inchi zingine za Ulaya, wanatumia mipaka hii: moteri ya mazutu ya zamani bila turbo isipite 2,5, yenye turbo isipite 3, magari yenye yalitoka kisha 2008 yasipite 1,5. Utaona ya kama mazutu ya zamani haiombwe iwe safi kama maji. Inaombwa tu iwe namna ilitoka kwenye kiwanda.

Kwa esansi ni mashini ingine, inapima gazi ine. Ya kwanza kuangaliwa ni monoksidi ya kaboni, ile gazi yenye inaua mutu akilala ndani ya nyumba na makaa. Gari ya zamani bila katalizeri, yenye ilitoka kisha 1986, inakubaliwa mpaka 3,5 juu ya 100. Gari yenye katalizeri inaomba isipite 0,5 wakati moteri inazunguka polepole, na 0,3 wakati inazunguka kupita mara 2.000 kwa dakika moja. Kwa magari yenye yalitoka kisha 2002 ni 0,3 na 0,2. Tazama tofauti: kati ya 3,5 na 0,3 ni mara zaidi ya kumi. Nitarudilia jambo hili, kwa sababu kwa magari madogo ya Bunia ndiyo shida kubwa.

Tuanze na mazutu, kwa sababu ndiyo inabeba Tchomia.

Moshi iko na luga yake. Nyeusi: mafuta ni mingi ao hewa ni kidogo. Ya buluu: moteri inakula wile yake yenyewe, segma ao valve zimechoka. Nyeupe: mafuta haijaungua, ao maji inaingia kwenye silinda, ao tu moteri ingali baridi. Kila fundi anajua haya matatu. Yenye hawapende kusema ni hii: moshi nyeusi ya Tchomia, kwa sehemu kubwa, imetengenezwa na turnavisi.

Pompe ya mazutu inatoka kiwandani na visi moja yenye inapima mafuta mingi kabisa yenye moteri inaweza kupokea. Ile visi wanaifunga na plombe. Ukiikaza, mafuta inaongezeka. Shofere anakuja na Hiace yenye ilifanywa kwa tani moja, amepakia karibu mbili, samaki, mifuko, watu, na bado mulima. Anamuambia fundi: «Fungua pompe.» Fundi anakata plombe, anazungusha kidogo, gari inatoka na nguvu, shofere anafurahi, wanakunywa. Lakini mafuta yenye haina hewa ya kuunguzana nayo haitoe nguvu. Inatoka kwa tuyo ikiwa nyeusi, na shofere amelipa ile mafuta na franka zake. Sehemu ingine inabaki kwenye moteri kama masizi, inachafua wile, inamaliza segma. Mwaka unaofuata moshi nyeusi inachanganyika na ya buluu, na hapo turnavisi haisaidie tena.

Kuko jambo lingine lenye ni la kwetu tu, watu wa kupanda na kushuka. Hewa inapunguka ukipanda, kama sehemu 1 juu ya 100 kwa kila mita 100. Kati ya ziwa na Bunia ni karibu sehemu 6 juu ya 100 ya hewa yenye moteri inapoteza. Pompe yenye imefungwa vizuri kule Tchomia inatoa moshi kidogo zaidi ikifika Bunia, kwa sababu inatuma mafuta ileile lakini inapata hewa kidogo. Fundi mumoja wa pembeni ya ziwa, muzee mwenye alijifunzia kazi wakati wa Zaïre, alinieleza hivi: «Hii gari haiko na ugonjwa, iko na njaa ya hewa.» Kwa hiyo kama kipimo kitafanyiwa Bunia, pompe ipimiwe Bunia, isipimiwe Tchomia. Ikirudia chini kwenye ziwa, itakuwa na hewa zaidi, haina hasara.

Mbele ya kugusa pompe, filtri ya hewa. Ninajua watu watacheka, lakini fungua tu. Barabara yetu ni udongo mwekundu, na wakati wa jua vumbi inaingia mpaka ndani ya meno. Filtri ya karatasi ikijaa, moteri inavuta kama mutu mwenye wamemufunga kinywa. Wamoja wanaiosha na esansi ao sabuni: karatasi inafunguka, na vumbi inapita. Wengine wanapuliza na hewa ya mutu wa matairi, kwa nguvu yote, kutoka inje kwenda ndani: wanasukuma vumbi ndani zaidi. Kama unapuliza, puliza polepole, kutoka ndani kwenda inje, na usirudilie mara nyingi. Na kuko wale wenye wametosha filtri kabisa, «ili ipumue». Gari hiyo inapumua udongo. Ngojea miezi michache, itatoa moshi ya buluu mpaka kaburi. Filtri mupya ni bei ya chini kuliko mambo ingine yote yenye nitasema hapa, na mara zingine yenyewe peke yake inatosha kushusha namba.

Kisha termostati. Katika garaje zetu, gari ikipata joto mara moja tu kwenye mulima, kitu cha kwanza chenye fundi anafanya ni kutosha termostati na kuitupa. Maji inazunguka wakati wote, gari haipate joto tena, watu wanasema fundi ni mukali. Lakini moteri yenye haina termostati haifikie joto yake, zaidi sana ikishuka kutoka Bogoro mpaka Kasenyi, mahali inashuka bila kukanyagwa. Mafuta inaungua vibaya, wile inabaki nzito, moshi inaongezeka. Kama gari ilikuwa inapata joto, radiatere ilikuwa chafu, ao mukaba ulikuwa umelegea, ao kalasi ya maji ilikuwa inavuja. Termostati haikuwa na kosa.

Injektere, hapo inaomba pesa kidogo. Pua ya injektere inapashwa kupuliza mafuta kama ukungu. Ikichoka inapuliza kama mukojo wa mutoto, na matone makubwa hayaungui. Fundi mwenye pompe ya kupimia ya mukono anaweza kuona kwa macho, na anaweza kusoma kama pua inafunguka kwenye presha yenye kitabu cha moteri kinaonyesha. Hapa ninashauri usiamini sikio. Kila fundi wa kwetu anasema anasikia injektere yenye imekufa kwa kutegea tu sikio na bisibisi. Anasikia ile yenye imekufa kabisa. Ile yenye imechoka nusu haisikii mutu.

Sasa magari madogo ya esansi, yale ya taksi na ya wafanyakazi wa ofisi. Corolla, Carina, Noah, Ipsum: yote yalitoka Japani na katalizeri chini, kama sanduku ndogo ya chuma kwenye tuyo ya moshi. Ndani mwake kuko kama jiwe lenye matundu madogo, na juu ya ile jiwe wamepaka platini, paladiamu na rodiamu. Mimi ninafanya kazi na watu wa madini, na ninaweza kukuambia ya kama kuna wanunuzi wenye wanajua bei ya ile sanduku kuliko mwenye gari. Wanapita kwenye garaje, wanasema «hii inafunga moteri, inakula esansi», wanaikata, wanaunganisha tuyo, wanatoa pesa kidogo ao hawatoe chochote, na kitu kinavuka mupaka. Sisi tunachimba dhahabu na mikono kwenye Djugu, na dhahabu ingine tunaikata chini ya magari yetu na kuiuzisha kama chuma ya zamani.

Gari yenye katalizeri yake imekatwa haiwezi kupita kipimo cha 0,3. Haiwezi. Hakuna dawa ya kumwaga kwenye rezervwari, hakuna bujii mupya, hakuna maombi. Wamoja wanatoboa tuyo kidogo ili hewa iingie na kupunguza gazi. Lakini mashini inahesabu pia uzito wa hewa na mafuta, ile namba inaitwa lambda, inaomba iwe kati ya 0,97 na 1,03, na ile tundu inaonekana mara moja. Kwa hiyo ukinunua gari Kampala ao Bunia, lala chini, angalia kama sanduku iko. Ukikuta tuyo yenye imeunganishwa na kalamu ya kusudea, punguza bei, kwa sababu wamekwisha kukuibia.

Kama katalizeri iko, kazi iliyobaki ni ya kawaida: bujii za namba ya kweli, filtri ya hewa, wile mupya, sonda ya oksijeni yenye inafanya kazi, na kuangalia kama hewa haiingie kwa matundu kwenye tuyo ya kuvutia. Kisha gari iende na joto. Katalizeri baridi ni chuma tu; inaanza kazi ikipata joto ya kupita digri 250 ao 300. Kwa hiyo mutu anayefika kwenye kipimo, anazima gari, anangojea saa mbili kwenye musitari, kisha anaiwasha na kuingia, amejishindisha yeye mwenyewe.

Mafuta nayo. Watu wanapenda kusema mafuta yetu ni mbaya kutoka kule inatoka. Si hivyo kabisa. Mazutu yenye inafika Ituri inapitia Mombasa na Uganda, na inchi za Afrika Mashariki zilikubaliana, tangu mwaka wa 2015, mazutu isipite sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Hiyo ni mafuta muzuri. Inaharibika ikifika mikononi mwetu. Inavuka ziwa kwenye mapipa ya zamani, inalala kwenye jua, inauzishwa na Kadhafi wa barabarani kwenye bidoni na chupa, na njiani kuko mwenye anachanganya na petroli ya taa, na mwenye anaacha maji iingie. Mafuta ya siku ya kipimo inunue kwenye stasio yenye pompe inazunguka kila siku, na utoshe maji kwenye filtri ya mazutu. Iko na kafungulio kadogo chini, juu ya kazi hiyo.

Ninafika kwenye jambo lenye linanigusa zaidi, na lenye mafundi hawawezi kutengeneza. Nani anafungua pompe? Si fundi, na si shofere peke yake. Patroni anaomba versema kila jioni. Shofere akikosa, kesho gari inapewa mwingine. Versema haiangalie kama mvua ilinyesha, kama barieri zilikuwa nyingi, kama njia ilifungwa juu ya usalama. Tangu mwezi wa 5 wa mwaka wa 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, ile inaitwa état de siège, na kila mwenye anapita ile njia anajua siku mbili ao tatu zinaweza kupotea hivi hivi. Kwa hiyo siku yenye njia imefunguka, shofere anapakia yote. Anapakia zaidi ya nguvu ya gari, na anataka pompe ifunguliwe. Moshi ni ya versema.

Kisha wanaleta kipimo, na amande inapewa nani? Shofere. Karti roz iko kwa jina la patroni, visi ilizungushwa kwa faida ya patroni, na amande inatoka kwa chakula ya watoto wa shofere. Kama kontroli ya moshi inakuja Ituri, na itakuja, sisi watu wa sendika tunaomba iandikwe wazi: amande ya moshi ni ya mwenye gari. Anayepata faida ya tani ya pili alipe moshi ya tani ya pili. Mashofere nao waachwe kukataa gari yenye inatoa moshi nyeusi bila kufukuzwa.

Watu wananiuliza: wewe ni mutu wa migodi, mambo ya Hiace inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu ya mapafu. Tarehe 12 ya mwezi wa 6, 2012, kituo cha kimataifa cha utafiti juu ya kansa, kile cha Lyon katika Ufaransa, kilisema wazi ya kama moshi ya mazutu inaleta kansa ya mapafu, na kuiweka kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu kama amyanti. Mambo yenye iliwasadikisha yalitoka zaidi kwa wafanyakazi wa migodi: walifuata watu 12.315 wa migodi munane ya Marekani, migodi ya chumvi, ya potasi, ya mawe ya chokaa, mahali mashini za mazutu zinafanya kazi chini ya udongo. Wenye walivuta moshi mingi zaidi walikufa na kansa ya mapafu zaidi. Watu hao walikuwa wachimbaji kama sisi, na bahati yao ni kwamba kuko mutu aliwaandika kwenye daftari. Wetu hawaandikwe.

Sasa angalia kwenye mashimo ya dhahabu. Kuko motopompe ya kutosha maji, mara zingine wanaishusha mpaka ndani ya shimo kwa sababu tuyo ni fupi. Kuko jenereta, kuko mashini ya kuponda mawe. Moteri ndogo ya esansi ndani ya shimo inatoa ile monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na kijana anasikia kichwa kinamuuma, anakaa chini apumuzike, haamuke. Kwenye shimo haiombe opasimetri. Inaomba moteri ibaki inje, mbali na kinywa cha shimo, na tuyo iwe ndefu. Kodi ya kazi ya mwaka wa 2002 inaomba kampuni iwe na komite ya usalama na afya kwenye kazi. Mahali komite hiyo iko, wasiulize tu kofia na bote. Waombe pia wapimiwe moshi ya gari yenye inabeba wafanyakazi asubuhi, kwa sababu kwenye kamio ya kufunikwa na bashi, moshi inarudi ndani, na watu 40 wanaivuta saa moja na nusu mbele hata ya kuanza kazi.

Turudi kwenye gari ya Tchomia, kwa mwenye anataka kujaribu. Anza na vitu vya bei ndogo: filtri ya hewa, filtri ya mazutu, wile. Rudisha termostati. Kisha injektere. Pompe iwe ya mwisho, kwa sababu ukifunga pompe mbele ya kusafisha hewa, gari inakosa nguvu, unakasirika, unafungua tena. Ukiifunga, muombe fundi aweke alama ya rangi kwenye visi, nusu kwenye visi na nusu kwenye pompe. Mutu akizungusha, rangi inavunjika, na utajua ni shofere gani ao fundi gani.

Jambo moja lenye linaweza kuvunja moteri: mbele ya kukubali wakanyage akseleratere mpaka mwisho, ujue umuri wa mukaba wa distribisio. Toyota nyingi za mazutu, zile za Hiace na Hilux za zamani, na hata Land Cruiser ya 1HZ, ziko na mukaba wa kaucho, na kawaida unabadilishwa kwa kila kilomita 100.000. Ukikatika wakati moteri inazunguka kwa nguvu yote, pistoni inapiga valve, na siku ya kipimo inakuwa siku ya kununua moteri ingine. Kama haujue umuri wake, hesabu ya kama umepita, ubadilishe.

Siku yenyewe, usishuke na gari moja kwa moja kutoka nyumbani. Tembeza gari kama dakika 30, ikipanda kama inawezekana, moteri ipate joto. Kutoka Tchomia hiyo ni rahisi, mulima uko pale, unafanya kazi bure. Ukifika karibu, kwenye mahali hakuna watu, kanyaga mara mbili ao tatu ili masizi yenye imelala kwenye tuyo itoke. Uende bila mizigo. Na muzee yule wa pembeni ya ziwa aliongeza kitu kingine nilipomuuliza, akiwa anapangusa mikono na kipande cha kitenge: «Uwaombe wakuonyeshe namba kwenye mashini. Wakikataa kukuonyesha, si mashini yenye inakupima.»